Chumba Ambacho Wageni Hawakioni

Msikilizaji, ukikaribishwa katika nyumba yoyote ya mjini, iwe hapa Mbeya au kule Iringa, utaonyeshwa sebule. Utakuta makochi yamefunikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, meza ya kioo, na kabati la vyombo ambalo vikombe vyake havijaguswa tangu harusi. Vitu hivyo mwenye nyumba alivitafuta kwa muda mrefu, akapiga bei, akarudi nyumbani, akaenda tena kesho yake. Lakini sijapata kumsikia mwenyeji akimwambia mgeni, "Karibu uone na chumba cha watoto."

Hawezi kusema hivyo, maana anajua kilichomo. Mna kitanda ambacho tendegu lake moja lilivunjika, likawekewa tofali. Mna masanduku yamepandana. Mna kiti kisicho na mgongo na kabati lililoondolewa sebuleni kwa sababu linayumba. Kitu kikichoka sebuleni hustaafia chumbani kwa watoto. Mimi nami nilikuwa mmoja wa wanaofanya hivyo, na juma hili nataka nieleze yaliyonikuta.

Binti yangu aliniletea mjukuu wakati wa likizo, mtoto wa kiume wa miaka mitatu, wa kilo kumi na nne hivi. Kabati lililokuwa chumbani mwake lilikuwa refu, lenye milango miwili juu na droo nne chini. Asubuhi moja niko uani nanyoa ndevu, nikasikia kishindo, kisha kimya, kisha kilio. Nilipoingia nililiona kabati limelala kifudifudi, ukingo wake wa juu umeegemea mfumbati wa kitanda, na mtoto yuko chini yake katika ile nafasi ndogo iliyobaki. Alikuwa na mchubuko wa goti, basi. Kitanda kingekuwa kimesukumwa upande wa pili wa chumba, leo nisingekuwa na ulimi wa kuzungumza nanyi.

Majirani walikuja. Mmoja akasema ni jicho baya, mwingine akasema Mungu mkubwa, na huyu wa pili nakubaliana naye. Ila kesho yake nilikwenda kulitazama kabati lile kwa utulivu. Nililisimamisha, nikavuta droo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zikawa kama ngazi. Mtoto hakukosea: alitaka boksi la biskuti lililokuwa juu, akaona ngazi, akapanda. Kabati likiwa limefungwa, uzito wake unakaa katikati ya miguu yake minne. Droo zikitoka zote, uzito unasogea mbele. Ongeza kilo kumi na nne zinazoning'inia mbele ya droo ya tatu, na hakuna fundi wala mganga atakayelizuia lisianguke. Isitoshe, sakafu ya chumba kile imeinamishwa kidogo kuelekea mlangoni ili maji ya kupigia deki yatoke. Ukidondosha gololi itakuonyesha mwenyewe.

Msidhani hili ni jambo la wenye makabati ya kuungaunga tu. Mwaka 2016 kampuni ya IKEA ya Sweden, ambayo jina lake linajulikana dunia nzima kwa samani, ilitangaza kule Marekani kwamba makabati ya droo yapatayo milioni 29 iliyokuwa imeyauza yarudishwe au yafungwe ukutani, baada ya watoto kadhaa kufa kwa kuangukiwa. Desemba 2022 Marekani ikapitisha sheria kabisa, nayo kanuni zake zikaanza kufuatwa mwaka 2023: kabati jipya la nguo lisiuzwe mpaka lipimwe droo zikiwa wazi, likiwa na nguo ndani, na kana kwamba mtoto wa hadi kilo 27 ananing'inia mbele yake. Nchi yenye wahandisi wote wale ilihitaji misiba ndipo ione kwamba mtoto hupanda.

Dawa yake, ndugu zangu, ni kipande cha chuma kilichokunjwa pembe, skrubu mbili upande wa kabati na mbili upande wa ukuta. Bei yake ni kama soda mbili tatu. Kama ukuta wako ni wa tofali za saruji au tofali za kuchoma zilizochomwa zikaiva, toboa, weka vile viplastiki vya kushikia skrubu, kaza. Kama ni wa tofali mbichi, skrubu itashika siku mbili halafu itatoka na udongo wake. Hapo mwambie fundi asimamishe ubao nyuma ya kabati kutoka sakafuni mpaka kwenye mbao za kenchi, aupigilie kule juu, ndipo kabati lifungwe kwenye ubao huo. Vitu vizito viwekwe chini. Juu ya kabati pasiwekwe televisheni, wala sanduku la nguo za msimu, wala biskuti.

Sisi wa Mbeya tuna sababu ya ziada. Tunaishi mahali ambapo matawi ya Bonde la Ufa yanakutana, na ardhi yetu hutikisika mara kwa mara. Wazee walisimulia tetemeko la Rukwa la Desemba 1910, na wengi wetu tunakumbuka Desemba 2009, Karonga, ng'ambo tu ya mpaka wa Malawi, ilipotikisika siku baada ya siku mpaka nyumba zikaanguka.

Sasa tuje kwenye mbao zenyewe. Hapa kuna aibu kidogo. Shamba la Miti la Serikali la Sao Hill, wilayani Mufindi, ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti nchini. Ukisafiri kati ya Mafinga na Makambako unapishana na malori ya mbao mchana kutwa, yakienda Dar es Salaam, Dodoma na kwingineko. Nyanda zetu ndizo zinazoezeka nyumba za nchi hii. Halafu mzazi wa Iringa anakwenda dukani kununua kabati la unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi na kubandikwa karatasi ya rangi ya mninga, limetoka ng'ambo ya bahari. Masika ya kwanza, kutokana na unyevu wa sakafu, miguu inavimba kama maandazi. Skrubu ikichomoka hairudi tena, kwa sababu tundu limekuwa vumbi. Sikatazi kununua. Nasema tu kwamba kabati hilo lisihamishwehamishwe, na lisiguse maji.

Lakini mbao za kwetu nazo zina mambo yake. Mbao ya paini ni nyepesi, inakubali msumari na randa, bei yake inafikika, na kwa kitanda cha mtoto inatosha kabisa. Mtoto hahitaji mninga. Mninga ni mzuri, nami sina ugomvi nao, ila mara nyingi huwa tunawanunulia majirani. Ubaya wa paini ni kuuzwa mbichi. Mti unaangushwa Jumatatu, unapasuliwa Jumatano, na Jumamosi umekuwa kitanda. Kisha kitanda kinakaukia chumbani: mbao zinasinyaa, viungo vinalegea, vichwa vya misumari vinachungulia, na siku moja shuka linachanika, au paja la mtoto. Mbao yenye unene wa inchi moja hukauka kwa majuma na miezi, ikiwa imepangwa kivulini na vijiti katikati ili upepo upite. Ukifika kwa seremala inyanyue. Mbao mbichi ni nzito kupita umbo lake, ukiiweka shavuni ina ubaridi, na ikipigwa randa haitoi vumbi bali nyuzinyuzi zenye majimaji. Ikiwa na michirizi ya bluu, hiyo ni kuvu, nayo ni dalili kwamba ilirundikwa na maji yake. Mbao ya bluu haivunjiki kwa sababu ya rangi ile, lakini inakueleza jinsi ilivyotunzwa.

Kuna mbao mbili ambazo hazifai kabisa kuingia chumbani kwa mtoto, na zote mbili nimeziona vitandani. Ya kwanza ni ile iliyopakwa oili chafu ya magari ili wadudu wasiitoboe. Juu ya dari inakubalika, hakuna anayeilamba. Kitandani ni sumu inayonuka usiku kucha. Ya pili ni mbao yenye dawa, ile yenye rangi ya kijanikijani kama nguzo za umeme za mlingoti. Dawa hiyo ya siku zote ina shaba, kromi na aseniki, na aseniki ni sumu inayojulikana tangu zamani. Huko Marekani wenye viwanda walikubali kuacha kuitia katika mbao za matumizi ya nyumbani kufikia mwisho wa mwaka 2003. Nguzo inaihitaji ili isiliwe na mchwa. Mtoto anayeota meno huutafuna ukingo wa kitanda kama panya, kila mama anajua. Basi vipande vilivyobaki baada ya kuezeka nyumba visigeuzwe kitanda cha mtoto kwa kubana matumizi, na wala visipelekwe jikoni kuwa kuni, maana moshi wake hubeba sumu ileile.

Na rangi je? Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini mwa mtoto kinachojulikana kuwa salama. Risasi ninayosema hapa ni ile madini, ambayo kwa miaka mingi ilitiwa kwenye rangi za mafuta ili zing'ae na kukauka upesi. Nunua kopo lililoandikwa kwamba halina risasi, usinunue rangi iliyopimwa na kutiwa kwenye chupa ya maji. Kitanda cha zamani kilichobambuka rangi usikipige msasa mtoto akiwa ndani. Mimi naona mbao iliyopigwa msasa vizuri na kupakwa vanishi mara mbili, ikaachwa nje ya nyumba majuma mawili mpaka harufu iishe, inapendeza kuliko rangi ya waridi.

Kuhusu kitanda, kwanza tukumbuke kwamba chumba cha watoto chenyewe kina historia yake huku kwetu. Bi Monica Wilson, mtaalamu kutoka Afrika Kusini aliyekaa Rungwe miaka ya 1930, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1951 jinsi wavulana wa Kinyakyusa walivyoondoka nyumbani kwa baba zao wakiwa na umri wa miaka kumi hivi, wakaenda kujenga vibanda vyao na kulala na wenzao wa rika, huku chakula wakirudi kula kwa mama zao. Kitanda walijitengenezea wenyewe. Kwingine palikuwa na kitanda cha kamba, kile tulichokiita teremka tukaze. Kilikuwa chini, hakina kona kali, na mtoto akianguka anaanguka urefu wa shubiri mbili. Sitaki turudi kwenye kamba. Nasema kitanda cha mtoto kiwe kifupi kwenda juu. Siku hizi naona vitanda vya watoto vimeinuliwa ili masanduku yaingie uvunguni, kana kwamba kitanda ni stoo.

Agiza futi tatu kwa sita, au tatu na nusu kwa sita, hata kama mtoto ana miaka mitatu. Atakua nacho mpaka amalize sekondari. Vitanda vidogo vyenye umbo la gari huishi miaka minne. Chaga zisiwe nne zilizotupwa tu juu ya mifumbati. Ziwe nyingi, zenye nafasi ndogo kati yake, na zikazwe kwa skrubu, kwa sababu mtoto hulala saa moja na kuruka saa mbili. Kona zote ziviringishwe. Hilo halina gharama. Ni nusu saa ya randa na msasa.

Kwa mtoto mchanga, wengi wetu tunalala naye, na vitanda vya vizimba nilivyoviona vingi vilikuwa vimejaa nguo za kufuliwa. Mwenye nacho apime nafasi kati ya fito na fito: isizidi sentimita sita. Kama huna futi ya kupimia, chukua kopo la soda, lile la kawaida lililo nene. Likipita kati ya fito, kiwiliwili cha mtoto nacho kinaweza kupita, kisha kichwa kikakwama. Godoro liijaze fremu, vidole viwili visipate pa kuingia pembeni. Vile vizimba ambavyo upande mmoja unateremka kwa reli, Marekani ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2011 kwa sababu upande ule ulikuwa ukichomoka na kumnasa mtoto. Nasikitika kwamba vilivyokataliwa kule huwa havichomwi moto, hupanda meli. Ukikutana nacho sokoni katika vitu vya mitumba, kiache.

Hadithi ya dabodeka ni ndefu zaidi, maana wengi wetu tulilala humo bwenini tukadhani ni kitanda kama vitanda vingine. Kinaokoa nafasi, sikatai. Ila kitanda cha juu si cha mtoto aliye chini ya miaka sita. Kizuizi kiwe pande zote mbili, hata upande wa ukutani. Mafundi wengi huuacha upande huo wazi wakisema ukuta unatosha, kumbe mtoto mdogo huteleza kati ya godoro na ukuta akaning'inia. Nafasi za kwenye kizuizi zisizidi sentimita tisa. Na jambo ambalo sikulijua mpaka nilipoambiwa: kizuizi kipimwe kutoka juu ya godoro, si kutoka kwenye chaga. Kinatakiwa kizidi godoro kwa sentimita 13 angalau. Fundi anatengeneza kizuizi kizuri, mzazi kwa mapenzi yake ananunua godoro la inchi nane, na kizuizi kinabaki kama ukingo wa sinia. Kwa kitanda cha juu inchi nne zinatosha. Ngazi ikazwe kwa bolti, isiwe ya kuegesha.

Na chandarua kiwe na mahali pake tangu siku ya kuagiza. Mbeya mjini na Iringa mjini baridi hutusaidia, lakini watoto husafiri kwenda Kyela na Usangu na kurudi, na mbu naye hapandi peke yake, hupanda na mabasi. Fito nne za pembeni zenye urefu sawa, zisizo na vidude vya urembo vya kunasa nguo ya mtoto, zitafaa kuliko kamba iliyofungwa kwenye waya wa taa.

Nimefika kwenye baridi, na hapa naomba mniazime masikio. Juni na Julai usiku wa Mbeya, Makete, Njombe na Mufindi unauma. Ndipo mzazi mwenye huruma anapochukua jiko la mkaa lililokwisha kupikiwa, makaa yamekuwa mekundu hayatoi moshi, analiingiza chumbani kwa watoto, anafunga dirisha na kuziba kwa gunia chini ya mlango. Makaa hayo yanatoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Damu huipokea kwa urahisi kuliko inavyopokea oksijeni, na mtu aliyelala hulala zaidi. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za nyumba iliyogongwa asubuhi pasiwe na wa kuitika. Jiko si samani ya chumbani, hata kwa nusu saa. Fedha ya vanishi ikipungua, mbao ibaki bila vanishi, ununue blanketi la pili. Na mshumaa usisimame juu ya stuli kando ya chandarua.

Baada ya mkasa wa kabati nilikwenda kwa fundi mmoja pale Mwanjelwa, kijana aliyesomea ufundi VETA, nikiwa na karatasi yangu ya vipimo. Alisoma polepole, akaikunja, akaniuliza, "Mzee, hivi hii nafasi ya sentimita sita, umeitoa wapi?" Nikamweleza. Akasema yeye ametengeneza vitanda vya watoto kwa miaka tisa, na wateja humletea picha kwenye simu, humuuliza bei, humuuliza lini kitakuwa tayari, humuuliza kama rangi itafanana na ya mapazia. "Hakuna aliyeniuliza kuhusu mtoto," akasema. "Mimi natengeneza ninachoagizwa."

Sikuwa na la kumjibu, maana kabati langu lile nami niliagiza kwa picha. Ilikuwa ya kalenda, simu zilikuwa bado hazijaanza kubeba picha. Nilimwambia yule seremala wa wakati huo aliongeze urefu, ili sebule ionekane.

Sasa limefungwa kwa vyuma viwili, vya upana wa vidole vitatu, kwenye ukuta wa tofali za kuchoma. Biskuti zimehamia jikoni. Mjukuu alirudi Desemba, amekua, amefika kilo kumi na sita. Siku ya pili nilimkuta chumbani ameshika mpini wa droo ya tatu kwa mikono miwili, ameegemea nyuma kwa nguvu zake zote kama mvuta kamba, uso umemwiva. Aliponiona akaachia.

"Babu," akaniambia, "limekataa."